Mlango wa Kushoto

Bura alikuwa amepiga magoti kando ya mlango wa kushoto wa gari, akipaka polishi kwa kitambaa laini, mkono ukienda na kurudi kwa mstari mnyoofu. Hakuuzungusha hata mara moja. Pale alipokwisha kupita, rangi nyeusi ilikuwa imetulia. Kwingine kote jua lilifichua mikwaruzo ya mviringo, myembamba kama utando wa buibui.

Efrazia alisimama nyuma yake. Mumewe, Akonaay, alikuwa amelazwa hospitali ya Haydom miezi minne, na sasa madaktari walisema arudi tu nyumbani Nangwa. Kesho basi lingemshusha Katesh, naye apande gari lake mwenyewe, kwa mara ya mwisho.

"Fundi, niambie kweli. Ni mimi niliyelikwaruza?"

Bura aligeuza upande wa kitambaa. "Ulikuwa unaliosha na nini, mama?"

"Kuliosha kwa maji gani? Kiangazi hiki ndama ndio wanaokunywa kwanza. Nilifuta vumbi kwa kanga, kila asubuhi. Aliniambia, nikirudi nilikute linang'aa."

"Vumbi letu ni mchanga, mama. Ukilifuta kavu, ni kama unasugua sufuria. Gari linamwagiwa maji kwanza, vumbi lishuke, ndipo kitambaa kipite, nacho kisuuzwe kwenye ndoo ya pili. Maji yakikosekana, bora vumbi likae."

"Bora likae!" Efrazia alicheka bila furaha. "Majirani walinitania, eti nimeolewa na gari. Kumbe nilikuwa nalichuna ngozi."

"Rangi imebaki nyembamba, siwezi kuisugua yote. Nitafanya mlango atakaoingilia, na boneti atakayoitazama njiani."

Alasiri, Clement, mdogo wake Akonaay, alifika kwa miguu kutoka kwenye kibanda cha simu, kofia mkononi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Akangoja.

"Wamepiga simu kutoka Haydom. Kaka ametutoka mchana huu."

Efrazia hakulia. Aliona vumbi limetua juu ya mlango, akainua upindo wa kanga, akasita, akaushusha.

"Bura, boneti bado?"

"Bado, mama."

"Malizia. Tutamfuata na gari hili."

Bura alilitazama jua. Lilikuwa limeinama mno. Mikwaruzo haikuonekana tena, na anayesugua bila kuona huongeza mingine. Alisuuza kitambaa mara tatu, akakianika ndani ya gari, akapandisha vioo vumbi lisikifikie.

"Kesho, mama. Kukipambazuka tu nitakuwa hapa."