Shangazi wa Mwenyekiti

Mimi si mtu wa kusamehe, wala sijawahi kujisingizia wema huo. Nilimwekea Nikodemo Sefania kisasi karibu mwaka mzima, tangu Julai 1971, nikakilisha na kukinenepesha kama mbuzi wa sikukuu.

Nikodemo alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, mwenyekiti wa mpango wa ulezi. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Sisi tuliokuwa wachache pale chuoni, wasichana, Waislamu, watu wa milimani, kila mmoja alipewa mwanafunzi mkubwa wa kumwongoza. Mimi na Efrazia, Mkatoliki wa Gare niliyelala naye chumba kimoja, tulipewa yeye kwa kuwa asili yake ni Usambara. Alikuwa amekulia kule chini Mombo, ambako baba yake alikuwa karani wa reli.

Mkutanoni Nikodemo alituita sote ndugu. Tukishatoka ukumbini, ndugu huyo alidai shikamoo, eti ndiyo nidhamu ya ulezi. Tena alitaka tupige na goti kidogo, wenzetu wa Dar es Salaam wakitutazama.

Wiki ya kwanza tu, alipotaja jina la babu yake, nilipiga hesabu kimoyomoyo. Babu yake na baba yangu walizaliwa na baba mmoja. Babu yake akabatizwa, baba yangu akabaki Mwislamu, basi majina yakatupoteza. Kwa maana hiyo baba yake Nikodemo ni kaka yangu, na mimi, Tatu binti Mbaraka wa Mlola, ni shangazi yake. Kwetu shangazi huamkiwa hata kama umemzidi miaka kumi.

Nikanyamaza. Nilitaka aumbuke kwao, mbele ya baba yake, mahali asipoweza kukimbilia popote. Kila asubuhi nikampa shikamoo yake na goti lake, na kila asubuhi nikaongeza moja kwenye hesabu.

Efrazia hakuwa na hesabu ya kumfariji. Novemba, kwenye mkutano wa walezi, Nikodemo alimsimamisha mbele ya maikrofoni ajitambulishe, akamfanya arudie sentensi moja mara tatu kwa sababu ya lafudhi yake ya Kishambaa. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Kesho yake Efrazia alifunga sanduku akarudi Gare. Chuo kilimshikia nafasi hadi Julai kwa sharti moja, kwamba mlezi wake aandike barua ya kukubali kumpokea tena. Nikodemo alikataa kuandika. Alisema mpango haukuanzishwa ili kubembeleza watu.

Juni tulipanda Mlola, wanafunzi thelathini, kuchimba msingi wa darasa katika kijiji cha ujamaa. Siku za mwizi arobaini, na za Nikodemo nilikuwa nimezipanga mwenyewe: nilikuwa nimemwandikia kaka Sefania, nikamweleza undugu wetu, nikamwomba apande basi aje aone mwanawe akiongoza watu. Alikuja na koti lake la reli, akapewa kiti mbele, karibu na wazee wa kijiji.

Asubuhi ya ufunguzi nilimfuata Nikodemo mezani kwake, nikasimama bila kumwamkia. Alingoja. Kisha akauliza kwa sauti, wote wasikie, "Tatu, milima imekusahaulisha adabu?"

Kaka Sefania aliinuka polepole. "Nikodemo. Huyo unayengoja akuamkie, unamjua ni nani?"

"Ni Tatu, baba. Yuko chini ya ulezi wangu."

"Ni dada yangu huyo. Baba yake ni mdogo wa babu yako. Mwamkie shangazi yako."

Majembe yalitua chini moja baada ya jingine.

"Shikamoo, shangazi," alisema Nikodemo.

"Sijasikia."

Akarudia.

"Watu wa nyuma nao hawajasikia," nikasema.

Mara ya tatu alipiga na goti. Wanafunzi walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sioni haya kusema kwamba nilifurahi.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Sasa utaandika barua ya Efrazia, na kesho utaipeleka Gare mwenyewe."

Tulipanda lori pamoja. Njiani nilimfundisha maneno ya kuomba radhi, naye akayarudia, maana baba yake alikuwa ameshasema neno la mwisho.

Tulimkuta Efrazia shambani anang'oa maharage. Alikuwa amekonda. Nikodemo aliomba radhi vizuri kabisa, akampa barua kwa mikono miwili. Efrazia aliisoma yote, akamwuliza, "Imekuwaje leo ukaandika?"

"Shangazi ameniamuru."

"Shangazi gani?"

Nikadakia. Nilimhadithia habari yote, koti la reli na watu wa nyuma, nikamwonyesha hata lile goti lilivyopigwa. Efrazia alianza kucheka. Halafu akaacha.

"Wewe ulijua lini kwamba ni shangazi yake?"

"Wiki ya kwanza," nikasema, tena kwa majivuno.

"Kwa hiyo siku ya maikrofoni ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nangoja tufike huku, mbele ya baba yake, ili..."

"Ulikaa mstari wa pili, Tatu. Nilikuwa nakutazama wewe."

Niliinama, nikang'oa shina la maharage lililokuwa karibu nami.

Efrazia akamgeukia Nikodemo. "Nitarudi," alisema. "Mlezi wangu abaki wewe. Ila nataka chumba kingine."

Nikodemo aliiomba tena barua, akatoa kalamu, akaongeza ombi hilo la chumba chini ya sahihi yake.