Kitambaa Juu ya Kompyuta

Usiku wa jana niliota diski tatu zimekaa kwenye mkeka sebuleni kwangu, zimevua viatu mlangoni. Sikushangaa. Mchana fundi Semboja alikuwa ameniambia kwamba diski ya kompyuta yetu ya mezani imechoka, haitamaliza mwezi, na kwamba nichague ya kuirithi. Humo ndani mna sauti ya marehemu mume wangu, Shemdoe. Siku moja alikuwa anajaribu kurekodi, akasema, "Mama Rukia, chai ipo?" kisha akacheka. Sauti yake nyingine sina.

Diski kongwe imelala kwenye kochi, inakohoa. Nawakaribisha wageni chai, wanakataa. Fundi alisema diski mpya huja tupu, kwa hiyo hawaruhusiwi kutia kitu tumboni mpaka uamuzi utoke.

Ya kwanza ina kitambi. Inajisifu kwamba inaweza kubeba nyumba yangu nzima na ya jirani, na inapoongea inazunguka pale pale mkekani mpaka nasikia kizunguzungu. Ya pili ni ya mtumba. Ni pole, ina heshima zake, ila kila nikiiuliza jambo inanijibu habari za harusi ya watu nisiowajua. Ya tatu ni nyembamba, haizunguki, na haijatoa hata mlio tangu iingie. Mtu wa hivyo utajuaje kama yu hai?

Nageuka kumuuliza mgonjwa, na kochi limekuwa kitanda cha wodi ile ile alikolazwa Shemdoe. Mkeka umekuja nasi. Wageni wangali wamekaa, viatu tu ndivyo vimebaki nyumbani. Muuguzi anapita akitangaza kwamba muda wa kuona wagonjwa unakwisha.

Ile kongwe inaniashiria nisogee.

"Mama Rukia, mimi sikuugua. Nimeungua."

Natazama, kumbe imefunikwa hadi kidevuni kwa kitambaa changu cha kufuma, cheupe chenye ua jekundu katikati, kile ninachofunikia kompyuta tangu tulipoiingiza ndani. Friji lina chake, redio ina chake. Naieleza kwamba kitu cha thamani hakikai uchi, wageni watanionaje.

"Najua ni mapenzi," inasema. "Lakini sipumui."

Nililia. Nililia pale wodini kama nilivyolia siku ile, na diski zote tatu zikainamisha vichwa.

Nilipotulia nikaiuliza nichague ipi. Ikasema nyembamba ikae nami, kwa kuwa haina maneno, marehemu atapata nafasi ya kusikika.

"Na yenye kitambi?"

"Ipe sauti hiyo hiyo, uipeleke Muheza kwa shangazi yake Rukia ikalelewe huko. Nyumba moja ikiungua, yupo wa kumtaja baba."

Hapo sikuwa na ubishi. Rukia mwenyewe alilelewa kwa shangazi yake na hakuharibika. Ile ya mtumba ikaomba ruhusa, ikarudi harusini.

"Na wewe nikufanyie nini?" nikauliza.

"Nivue hiki kitambaa tu."

Nikanyoosha mkono. Muuguzi akazima taa.

Niliamka alfajiri. Naishi peke yangu, na mlango ulikuwa na komeo kwa ndani kama nilivyouacha. Nilikwenda sebuleni moja kwa moja. Kompyuta ilikuwa wazi, nikaigusa, baridi. Kitambaa kilikuwa juu ya kiti, kimekunjwa vizuri, ua likiwa ndani.

Mimi hukunja ua likiwa nje, lionekane. Shemdoe ndiye aliyekuwa akilificha ndani, na miaka yote ya ndoa yetu nilimkaripia kwa hilo. Leo sikumkaripia. Nilibandika chai.