Wa Mwisho Hapa Nani?

Usiku wa kuamkia leo niliota mtamba wangu, Madoa, anabisha hodi chumbani.

"Nyemo," akasema, "kabla hujaniuza, nipeleke nikakione hicho chuo kwa macho yangu."

Sikushangaa. Madoa ndiye ada yangu ya ufundi bomba, na kukicha tu alikuwa apelekwe mnadani. Jana jioni kaka yangu Chedego alicheka mpaka akashika mbavu: "Mtamba mzima, mdogo wangu, kwa chuo kilichoshika mkia? Si bora tumchinje tule nyama, tujue moja!"

Natoka nje. Uani hakuna ua, kuna bomba la mtaa, na vyuo vya ufundi vimepanga foleni, kila kimoja na ndoo yake. Cha mbele ni cha ghorofa, kina vioo na kimevaa tai.

"Wa mwisho hapa nani?" nikauliza, kama ilivyo desturi.

"Mimi," kikajibu chuo kidogo cha bati, kimesimama kwenye tope. "Karibu, dada. Ila usiniegemee, ukuta haujakauka."

Madoa akakizunguka, akakinusa madirisha. "Una spana ngapi?"

"Moja. Nimeifunga kamba isipotee."

"Na wanafunzi?"

"Wengi. Spana inazunguka. Anayeipata anaishika kwelikweli, maana hajui itamrudia lini."

"Angalau husemi uongo," Madoa akasema. "Lakini mimi nina shingo moja tu. Sitaki kuliwa bure."

Chuo kikatazama ukuta wake mbichi.

Mara bomba linakohoa, maji yanakatika. Ndoo ya chuo cha ghorofa imefika nusu.

"Poleni wa nyuma," kinasema, kinaweka tai sawa. "Ndiyo maana wenzenu tunawahi." Kinaondoka na ngazi zake zikigongana, na vingine vyote vinabeba ndoo tupu na kukifuata.

Mimi sina haraka. Natazama chini. Mvua hatujaiona tangu mtama uvunwe, sasa hiki chuo kimepata wapi tope la kusimamia?

"Tope hili umelikuta?"

"Nimelikuta. Wa mwisho husimama palipobaki."

"Nipe hiyo spana." Madoa akaivuta kwa pembe, kamba ikakatika.

Nikachimba kwa mikono, Madoa akanisaidia kwa pembe zake changa. Chini tukakuta bomba limelegea kwenye maungio, linatoa machozi.

"Taratibu, dada," likaniambia. "Wengine huja na nyundo."

Nikakaza kidogo, nikasikiliza. Nikakaza tena. Machozi yakakauka, na kule mbele maji yakashuka kwa kishindo hadi ndoo ya chuo cha bati ikacheza ngoma.

Tunasogea mbele sisi watatu: chuo, mimi, Madoa. Foleni nzima ni sisi. Vyuo vinarudi mbio. Cha ghorofa kinataka kupita moja kwa moja.

"We! Ulikuwa hapa?" Madoa anakiuliza.

"Nilikuwa wa kwanza!"

"Uliacha ndoo ya kukushikia nafasi?"

Hakikuacha. Kikashusha sauti. "Basi, wa mwisho hapa nani?"

"Mimi," akasema Madoa, akakinyooshea mkia. Kikaushika.

Nikacheka hadi vyuo vyote vikanigeukia. Madoa akaninong'oneza, "Sasa niuze, Nyemo. Ila kwa bei ya heshima."

Nikaamshwa na sauti ya Chedego zizini. "Nyemo! Hebu njoo umwone ng'ombe wako! Kiangazi chote hiki, tope kalitoa wapi?"

Nikatoka. Madoa alikuwa na tope mpaka magotini, bado bichi, na kwenye pembe moja kulining'inia kipande cha kamba kilichokatika.

"Mwoshe miguu, kaka," nikasema, nikaenda kuvaa viatu. "Mnadani hatuendi kumuuza mchafu."