Beseni Chini ya Bwawa

Dobi alikuwa anasuuza shuka la saba kati ya mashuka kumi na mawili ya nyumba ya wageni pale beseni lilipoanza. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini mchana, jua kali, anga halina hata unyoya wa wingu. Beseni lilikuwa la plastiki, la buluu, limeungua kidogo ukingoni, na alikuwa amelijaza nusu. Aliinama kuokota kibanio. Alipoinuka, maji yalikuwa yamefika ukingoni na bado yanapanda, polepole, bila bomba wala mkono wa mtu, mpaka yakammwagikia miguuni. Yalikuwa baridi kuliko yale aliyochota.

"Na wewe pia?" aliliambia beseni, kwa sababu asubuhi hiyo kamba ya kuanikia ilikuwa imemkatikia mara mbili. Akalisogeza kando, akachukua ndoo, akaendelea. Nguo za watu hazingoji.

Nusu saa baadaye mto ulibadilisha sauti.

Uwanja wa nyumba yake ulishukia mtoni, mahali ambapo maji hutuama kati ya mawe mapana. Watu wa mjini huja hapo kuogelea, na nyumba ya wageni hukodisha mitumbwi midogo ya plastiki. Binti yake, mtoto wake wa pekee, ndiye aliyewaongoza wapiga kasia na ndiye aliyewatoa majini waliozidiwa. Ukipanda na mto kilomita moja na nusu unafika kwenye bwawa dogo la umeme: ukuta wa udongo uliooteshwa nyasi, na mlango mmoja wa chuma wa kumwagia maji. Mlango ukifunguliwa, mto hupanda kimo cha mtu kabla chai haijapoa. Zamani king'ora kililia kwanza. King'ora kiliharibika miaka miwili nyuma, nyuki wakahamia ndani yake, na tangu hapo watu watatu walikuwa wamechukuliwa na maji. Katika taarifa za bwawa, wote watatu waliandikwa kuwa waliogelea mahali pasipofaa.

Siku ile binti alimtoa mwanamke mmoja kwa kumshika nywele. Mume wa mwanamke alining'inia kwenye tawi mpaka mlango ulipofungwa.

Jioni dobi alimwendea shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyefungua na kufunga mlango ule. Alimkuta akimenya viazi.

"Shemeji, leo ulifungua saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika kumi."

"Beseni langu lilijaa saa nane na arobaini."

Shemeji hakusimamisha kisu. "Lipi? Lile la buluu?"

"Lile lile."

"Basi limenishinda mimi. Saa nane na arobaini hata amri nilikuwa sijapewa. Wananipigia kutoka mjini, wanasema fungua, nafungua hapo hapo." Aliosha kiazi, akakitia sufuriani. "Usilifulie tena, shemeji. Liache lifanye kazi moja."

"Na king'ora?"

"Nimeandika barua sita. Nimejibiwa kwamba zimefika."

Tangu hapo dobi alifulia kwenye ndoo na kuketi kando ya beseni, filimbi ya binti yake shingoni. Mara tatu au nne kwa wiki maji yalipanda. Yeye alipuliza, binti akawatoa watu wote, wakakaa juu ya mawe marefu wakimenya machungwa, na baada ya nusu saa mto ukapita chini ya nyayo zao ukiviringisha magogo. Hakuchukuliwa mtu. Pale mapokezi ya nyumba ya wageni, mgeni akiuliza kama mtoni ni salama, aliambiwa, "Usihofu, tuna beseni."

Meneja wa bwawa alisikia habari hizo, akaja na mkaguzi wa usalama. Walipewa viti. Walikaa saa mbili na nusu, na maji yalipopanda mkaguzi alitumbukiza rula yake, akaifuta kwa leso, akaandika. Dobi, ambaye alijua kusoma maandishi yaliyo kichwa chini kwa kuwa miaka mingi alisoma majina kwenye kola za mashati, aliyasoma: *Mfumo wa tahadhari: upo. Beseni moja, buluu. Linafanya kazi.*

"Kwa hiyo king'ora mtakitengeneza lini?" aliuliza.

"Cha nini tena, mama?" meneja alisema kwa upole. "Mifumo miwili inachanganya watu."

Wiki iliyofuata walikuja mafundi wawili, wakashusha king'ora, wakaenda nacho pamoja na nyuki.

Hofu ya dobi ilianza siku hiyo. Kabla ya hapo alikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi mtu anaweza kuunywea chai. Sasa aliogopa kupepesa macho. Alikula akilitazama beseni. Alioga mlango wa bafu ukiwa wazi. Mama yake mdogo alipofariki, yule aliyemlea, alituma rambirambi na hakwenda, na ndugu zake wakasema beseni limemtia kiburi. Akipitiwa na usingizi mchana, aliota miguu yake imelowa, akaamka akiwa tayari amepuliza filimbi.

"Mama, utaugua," binti alimwambia. "Nenda kwa dada yako japo siku mbili. Nitakaa mimi."

"Ukikaa wewe hapa, nani atawatoa watu majini?"

Wote wawili walikuwa wamefungwa kamba moja.

Ijumaa moja asubuhi beseni halikupanda. Lilibadilika rangi. Uzi mwembamba wa tope ulitokea chini, ukajizungusha kama maziwa kwenye chai, na kwa muda mfupi maji yote yakawa kahawia. Dobi aliyamwaga. Alilisugua beseni kwa mchanga, akachota maji mapya bombani, safi kama machozi. Tope likarudi. Alimwita binti alinde, akafunga khanga kiunoni, akapanda mpaka bwawani kwa miguu yake.

Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwongoza hadi chini kabisa ya ukuta, kwenye nyasi ndefu. Palikuwa na mahali maji yalipochuruzika kidogo kutoka kwenye udongo. Kila Jumatatu kwa miaka kumi na moja shemeji alikinga hapo chupa, akaiinua juani, akaandika: safi. Sasa alikinga, akaiinua. Yalikuwa kahawia ileile.

"Haya mambo si madogo," alisema.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua."

"Yakivuja safi, ukuta unatokwa na jasho tu. Yakitoka na udongo, huo udongo ni ukuta. Ukuta unaondoka kidogo kidogo."

"Unaondoka kwenda wapi?"

Shemeji alifunga kizibo cha chupa. "Kwako, shemeji."

Alimpigia meneja simu pale pale, wakasimama karibu ili wote wasikie. Meneja aliuliza kilichochafuka ni beseni au ni bwawa. Shemeji akasema yote mawili.

"Sawa," meneja alisema. "Tuanze na beseni."

Kesho yake gari lilileta beseni jipya, jeupe, kubwa kiasi cha kuogeshea watoto wawili. Lile la buluu walilipakia nyuma, likawekewa tairi la akiba ndani. Dobi alitia sahihi mahali alipoonyeshwa. Beseni jeupe halikuchukua hata nusu siku likawa kahawia.

Alianza kupuliza filimbi kwa ajili ya rangi. Jumapili watu walitoka majini, wakasubiri nusu saa, mto haukupanda, wakarudi. Alipuliza tena. Walitoka kwa manung'uniko. Mara ya tatu walitoka wenye watoto tu. Mwenye nyumba ya wageni alimjia, akamwambia mama, wewe ni mtu wetu na tunakuheshimu, lakini filimbi ni ya kupanda kwa maji, haihusiki na uchafu.

Jumatano tope lilianza kutua. Halikutua kama tope. Lilijipanga upande mmoja wa beseni, tabaka juu ya tabaka, likajishindilia lenyewe, na kufikia Alhamisi lilikuwa ukuta wa urefu wa mkono mmoja, umesimama ndani ya maji, na juu yake nyasi laini kama nywele za mtoto mchanga. Kila asubuhi ulikuwa umepanda kwa kidole kimoja. Asubuhi moja binti aliinama akautazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameuona ukuta mkubwa maisha yake yote, akautambua.

"Hata ule mpindo wake upo," alisema.

"Leo usiende mtoni."

"Nisipokwenda watampeleka kijana wa bustani, Mama. Hajui hata kupiga mbizi." Akavaa jaketi lake la kuelea, akamkumbatia mama yake kwa nguvu kuliko siku zote, akashuka.

Mkaguzi alikuja saa tano. Alipima ukuta wa ndani ya beseni kwa rula: urefu, kimo, unene. Aliubonyeza kwa kidole, mara moja katikati na mara moja kila pembe. Haukutikisika. Alitafuta ufa kwa miwani na hakuuona. Akaandika, na dobi akasoma kichwa chini: *Ukuta umekaguliwa. Uko imara.*

"Bwana mkaguzi," dobi alisema, "mwenzake wa huko juu utaukagua lini? Ule mkubwa?"

"Mama, mfano ukiwa mzima, kitu chenyewe kitakuwaje kibovu?" Aliifunga kalamu. "Na kazi yako ni nzuri sana. Nimeitaja."

Gari lake lilipopinda kona, shemeji alitokea kwa njia ya mtoni, anahema, mkono wa kulia umetapakaa tope kuanzia vidole hadi bega. Hakusalimia. Aliunyoosha ule mkono mbele ya dobi ili auone vizuri.

"Umeingia wote pale panapovuja," alisema. "Jana uliishia kwenye kiwiko."

Dobi aliuacha mlango wa nyumba wazi. Alishuka uwanjani, akapita chini ya kamba yenye mashuka kumi na mawili yaliyogeuka kahawia kama maji ya beseni, akaenda mpaka kwenye jiwe la mwisho. Mto ulikuwa umetulia. Alihesabu watu arobaini na mmoja majini, na mitumbwi mitano, wa mbele ukiwa na binti yake, amempa mgongo, akimwonyesha mgeni namna ya kushika kasia.

Alivuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma, akapuliza filimbi.

Watu wawili walitoka majini. Wengine walimpungia mkono.