Ukuta Uliopakwa Mafuta

Fundi kuambiwa kazi yake ni mbovu, hilo limezoeleka. Lakini kuambiwa kazi imeanguka kwa sababu ya dhambi zake! Neno hilo lilimkaa Kavugho kooni kama mwiba wa samaki.

Kavugho alikuwa fundi wa stika za ukutani. Alitoka Butembo, Kongo, akafungua kibanda ugenini, Kawempe, na Wakongo waliotaka maandishi dukani au saluni walimwendea yeye. Kanisa lao la chumba kimoja pale Bukoto lilipopakwa rangi mpya, nani mwingine angeitwa? Hata kwaya aliimba humo humo. Walitaka maneno makubwa nyuma ya mimbari: MUNGU YUPO HAPA.

Alipofika aliukuta ukuta unang'aa. Akamuuliza Mama Bibiane, mke wa mchungaji, umepakwa nini.

"Mafuta," akajibiwa.

Kavugho akafurahi, maana stika hushika vizuri kwenye rangi ya mafuta kuliko rangi ya maji. Akafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, akasubiri pakauke, akabandika, akaenda zake.

Jumapili, mahubiri yamepamba moto, YUPO likajikunja na kudondoka. Ikabaki MUNGU HAPA, na vijana wa nyuma wakacheka. Kavugho akabandika upya. Ibada iliyofuata yakaanguka maneno yote. Mama Bibiane akasimama mbele ya watu.

"Jina ya Mungu inakataa ile mukono. Dada yetu atubu kwanza."

Atubu nini? Mumewe alimwacha akaoa mwingine, na hilo nalo lilikuwa kosa lake? Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba ana bwana huko Kawempe. Kwenye kwaya akasimamishwa. Mwenye saluni mmoja akamfuta kazi kabla hajaianza, ati hataki mkono wenye laana uguse kuta zake. Jina alilolijenga kwa jasho likawa linachafuliwa na watu aliokuwa akiwaita ndugu.

Jumamosi iliyofuata alirudi kuokota herufi zake. Afande Olweny, askari mstaafu aliyelinda jengo lile, alimfungulia mlango.

"Dada, wewe nasumbuka bure," alisema. "Hawa bamama kila Ijumaa napaka mafuta kwa ukuta. Ile ya chupa, ya kuombea."

Kavugho akapitisha kiganja ukutani, akanusa. Mafuta ya zeituni! Kwanza alijicheka mwenyewe, fundi mzima kupotezwa na neno moja. Kisha akawaka, akaenda moja kwa moja kwa Mama Bibiane kumweleza.

Mama Bibiane akafunga mlango kwanza. "Osha tu," akasema. "Lakini usiongee hii mambo. Batu batasema mafuta ya maombi ni mubaya."

"Na mimi baniseme mubaya?"



Kavugho akaosha ukuta kwa sabuni, akausuuza, akauacha ukauke vizuri. Akabandika herufi moja moja, akizikandamiza kwa hasira. Zikashika. Jumapili zilikuwa zimenyooka, hakuna hata pembe iliyoinuka, na moyoni aliamini kwamba sasa Mama Bibiane atasema kweli, japo nusu.

Mama Bibiane akainua mikono. "Muone! Dada ametubu! Mungu amemusamehe!"

Kanisa zima likapiga vigelegele. Wengine walimtazama Kavugho kwa huruma, huruma ile ya kumtazama mwizi aliyeokoka, naye akaona heri wangemtukana.

Akatoka kwenye benchi, akapita mbele, akaingiza ukucha chini ya herufi ya kwanza, akavuta. Stika ilikuwa imeshika kwelikweli. Ilibanduka na rangi ya ukuta. Vigelegele vikakatika. Akabandua ya pili, na ya tatu, mpaka ya mwisho.

"Ile ya kwanza, mafuta yenu ndiyo iliangusha," akasema. "Hii ya leo naangusha mimi. Sasa muite dhambi."