Ng'ombe wa Magurudumu Manne

Gari lile tulipewa bure, na sijaona kitu cha bure kilichotugharimu namna hiyo.

Mwenyewe alikuwa Karangwa, mkandarasi anayejenga maghorofa hapa Gisenyi. Aliliendesha kwenye mashindano ya magari miaka sita, na mume wangu Anastase ndiye aliyekaa pembeni yake akimsomea njia: kona kali kulia, jiwe, daraja, punguza. Mwaka jana daktari alimwambia Karangwa kwamba mgongo wake hauwezi tena. Akaita watu kwenye bustani ya hoteli moja kando ya ziwa, akatulisha brosheti za nyama na ndizi za kuchoma, kisha akashika maikrofoni.

"Anastase, ndugu yangu. Bon. Hii gari mi siiuze. Nakugabia, sawa vile baba zetu banagabiana ng'ombe."

Watu mia mbili wakapiga makofi. Anastase akainua mikono juu kama pembe, akacheza, akapaza sauti kwamba Karangwa kampa ng'ombe, Karangwa kampa ng'ombe! Mzee mmoja akasimama mbele ya gari na kulisifu kwa majina ya ng'ombe wa kifalme, machozi yakimtoka. Mimi nilikuwa na sahani mkononi, naangalia matairi. Yalikuwa yamekwisha yote manne.

Nina diploma ya uhasibu. Naendesha duka letu la vifaa vya ujenzi, saruji, mabati, misumari, na karibu nusu ya mauzo yetu yalikuwa kwa Karangwa. Wiki ileile nikachukua kalamu. Tairi moja la mashindano ni faranga laki nne, na shindano la siku mbili linakula sita; mvua ikiwa imefumua mawe, nane. Petroli yake si ya kituoni, inatoka Kampala kwa mapipa. Mikanda ya viti ina tarehe ya kuisha, kama maziwa ya pakiti. Tarehe ikifika, hata kama mkanda haujawahi kufungwa, mkaguzi anakuzuia kuanza. Viti navyo hivyohivyo. Leseni, bima, ada ya kuingia. Nguo zisizoshika moto, mpaka chupi; niliuliza mara mbili nikajibiwa ndiyo, mpaka chupi. Halafu lori la kulibeba, maana gari la mashindano haliendi shindanoni kwa magurudumu yake, na mafundi watatu wanaokula na kulala kwa gharama yako. Msimu wa mashindano manne ulifikia milioni ishirini na sita, kabla kitu chochote hakijavunjika. Faida ya duka kwa mwaka ilikuwa milioni kumi na moja.

Nikamwekea Anastase karatasi mezani. "Uza."

"Mama Belise, ng'ombe ya kugabiwa haiuzwe."

"Ni gari."

"Alinipatia mbele ya batu mia mbili! Nikiiuza leo, kesho saruji yake atanunua kwa nani? Kwako?"

Hapo alinipata. Na hata kama tungetaka, nani angenunua? Usukani uko kulia, wakati huku kwetu magari ni ya usukani wa kushoto, na gari liliingia nchini kwa karatasi ya mashindano tu. Haliwezi kupata namba ya hapa, haliwezi kupeleka mtu kanisani wala sokoni. Kazi yake ni moja, kula.

Shindano la kwanza Anastase aliendesha mwenyewe, akawa wa kumi na moja kati ya kumi na wanne. Alirudi na vumbi mpaka kwenye meno, anacheka peke yake. Sikuwa nimemwona na furaha hiyo tangu Belise azaliwe. Hela ya mabati ya miezi miwili ilikuwa imekwenda, nami nikampashia maji ya kuoga.

Mazoezi ya shindano la pili, kwenye mlima wa kupanda kutoka Nyundo, giaboksi ikavunjika. Mpya ni milioni kumi na tatu. Anastase akaja na cheti cha nyumba, tukiweke rehani benki.

Nyumba yetu iko Nengo. Cheti kina majina mawili, lake na langu, kwa hiyo benki haiwezi kuigusa mpaka mimi nikae mbele ya noteri wa sekta, yule afisa anayeshuhudia saini, na kusaini kwamba nakubali. Katika vyote tulivyo navyo, hicho peke yake hakiondoki bila mkono wangu.

"Sisaini," nikamwambia.

Angegombana ningefurahi. Alisema "sawa" tu. Kuanzia hapo, kila asubuhi kabla ya duka, akawa anaingia ndani ya lile gari bovu uani, anafunga mikanda yote, anakaa akiangalia ukuta. Gari limejaza ua mzima. Kamba ya nguo ilibidi tuihamishe, geti likawa linafunguka upande mmoja, na kwenda jikoni tunapita kiubavu tumbo limebanwa. Majirani wanachungulia. Kila Jumatano Karangwa anapita dukani kuagiza saruji na kuuliza kwa sauti, wateja wasikie: "Ng'ombe yangu iko muzima? Inakula?"

"Inakula sana, mzee," anajibu Anastase, na wote wanacheka isipokuwa mimi.

Kukataa sikuweza, kuuza sikuweza, kulisha sikuweza. Mimi nimekulia Tanzania, mambo ya kugabiana ng'ombe nayajua kwa kusikia tu. Nikapanda Nyundo kwa mama mkwe wangu, Nyirahabimana, nikamuuliza bila kuzunguka: mtu aliyegabiwa ng'ombe anaachana naye vipi bila kumtukana aliyempa?

Akanitazama kama mtoto anayeuliza mvua inatoka wapi. "Haachane naye. Labda ng'ombe ikufe."

"Akifa?"

"Akifa unapeleka ngozi kwa aliyekupa. Aone haukumuuza, haukumula kwa siri. Hapo hakuna kosa kati yenu. Kisha naye..."

Sikungoja "kisha naye". Nilikuwa nimeshavaa viatu. Mama mkwe alibaki anaongea mlangoni na kikombe cha chai mkononi, mimi nikiwa njiani nasimamisha pikipiki.

Jioni nikamwambia Anastase: "Giaboksi imevunjika, si ndiyo? Ng'ombe amekufa. Utaing'oa boneti, tuipeleke kama ngozi. Au hivyo, au usahau kabisa kuniletea tena kile cheti."

Akaenda kutafuta spana. Alifungua boneti mwenyewe, akaipangusa kwa kitambaa chenye maji, polepole, mpaka jina la Karangwa likang'aa.

Nilichagua Jumapili baada ya misa, nikijua barazani kwa Karangwa kutakuwa na wageni. Nilitaka mashahidi. Anastase alibeba boneti kichwani, mimi nikatangulia.

"Mzee Karangwa," nikasema kabla ya kukaribishwa, "ng'ombe wako amekufa. Alikufia mlimani, kazini. Tumekuletea ngozi."

Mgeni mmoja akacheka, mwingine akapiga makofi, na Karangwa akasimama na fimbo yake. Macho yalikuwa yamelowa. Nikajiambia, Mukandutiye, umemaliza.

"Anastase, ndugu yangu," akasema, "unajua adabu. Vijana ya leo wangeniambia kwa telefone. Donc, mi ni mutu gani, ng'ombe ikufie mukononi yako na mi niangalie tu? Nakushumbusha!"

Baraza likalipuka. Anastase aliiacha boneti ikaanguka, mikono ikapanda juu yenyewe, akawa na pembe tena. Neno lile sikulijua. Nililielewa kwa makofi: ng'ombe akifa na ngozi ikaletwa kwa heshima, aliyetoa anatoa mwingine mahali pake. Ndiyo ile "kisha naye" ya mama mkwe.

"Giaboksi mupya kutoka Kampala!" akasema Karangwa. "Na matairi sita! Mwezi huu!"

Nyuma yake alisimama mke wake Kankindi na sinia la fanta. Hakupiga makofi. Alinitazama mimi.

Kesho yake alikuja dukani, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama Belise, nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu."

"Sasa juu ya nini unaniua? Ile gari ilikula kiwanja yetu ya Goma. Ikakula nyumba mbili. Mi ndiye nilimwambia aigabe! Mutu akiuza gari, banasema amefilisika. Akiigaba, banasema tajiri. Siku ilitoka kwangu nililala usingizi, wa kwanza miaka sita."

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji. "Kwa hiyo mlijua mnatutupia nini."

"Tulijua," akasema, wala hakuangalia pembeni. "Ilikuwa we ao mimi. Na sasa umeirudisha kwangu, na mashahidi juu. Kesho saa tatu tuko kwa noteri. Tunaweka rehani nyumba tunayolala."

"Usisaini."

"We unaweza kusema ivyo, bwana yako anakunyamazia. Wangu ameshatamka mbele ya batu. Nisiposaini, nimemufanya mwongo. Nitaishi naye wapi?"

Alifungua mlango akatoka. Usiku ule nilimwambia Anastase kila kitu. Akasema mzee ni mzee, anajua mambo yake.

Saa tatu kamili nilikuwa kwenye ofisi ya sekta. Karangwa alikuwa amevaa tai. Anastase alikuja kama shahidi, shati limepigwa pasi, mguu unachezacheza chini ya benchi. Noteri, kijana wa miwani, akasoma karatasi yote mpaka mwisho, kisha akamgeukia Kankindi.

"Mama, unakubali kwa hiari yako?"

Kankindi alishika kalamu. Aliangalia ile karatasi kama mtu anayeangalia kina cha maji kabla ya kuingia. Pale nikaona kwamba hila yangu yote ilikuwa na lengo moja, nisiseme neno moja la kukataa mbele ya watu, na sasa neno hilo alikuwa analilipia yeye kwa nyumba.

Nikasimama. "Hatutaki."

"Mama, wewe ni nani katika faili hili?" akauliza noteri.

"Mimi ndiye ninayenunuliwa giaboksi. Mzee Karangwa, hatutaki giaboksi wala matairi. Hatuna uwezo wa kulilisha lile gari, hatukuwa nao tangu siku ya kwanza, na nilipaswa kusema pale pale hotelini. Tunamkataa ng'ombe wako."

Mtu mmoja kwenye foleni akavuta pumzi kama ameungua. Kumkataa ng'ombe wa mtu, mchana, ofisini, mwanamke.

Karangwa hakunitazama. "Anastase. Ni we nasikia, ao ni bibi yako?"

Anastase aliangalia viatu vyake. Mguu ulikuwa umetulia. Nilihesabu mihuri mezani: mitatu.

"Hata mi namusikia, mzee," akasema mwishowe. Hakunikana.

Karangwa akachukua fimbo yake akatoka. Kankindi alilaza kalamu juu ya karatasi isiyo na saini yake, akamfuata. Hakunishukuru, nami sikutegemea.

Jumatano Karangwa hakuja, wala hakutuma mtu kulichukua gari. Alhamisi malori yake yalipita mbele ya duka yamejaa saruji iliyonunuliwa kwa mtu mwingine. La kwanza, la pili. Anastase alikuwa amesimama mlangoni, mikono mifukoni.

"Ya tatu ni ile," akasema.

"Ingia ndani. Kuna mteja."

Alikuwa mwanamke anayetaka misumari nusu kilo. Anastase akaingia, akachukua mizani, akampimia.