Friji Iliyojaribiwa Gizani

Mama Mwiko alikuwa amepikia watoto wa shule kwa miaka ishirini na miwili, na jina hilo ni wao waliompa. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia ale hasara naye akanyamaza. Ndiyo maana alipoingia dukani asubuhi ile, risiti mkononi na vichupa viwili vya dawa vimefungwa kwenye leso, hakuanza kwa kubembeleza.

"Friji mliyoniuzia haipozi," alimwambia mwenye duka. "Taa inawaka, inanguruma vizuri, lakini ndani joto kama kabatini. Nimekuja mnibadilishie."

Mwenye duka, bwana wa shati lililopigwa pasi likasimama na saa kubwa ya mkononi, hakuinua hata kope. Alinyoosha kidole ukutani, kwenye ubao wa maandishi mekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, HAIBADILISHWI.

"Soma ubao, mama."

"Nimeusoma. Na wewe tazama hivi." Akafungua leso, akavipanga vichupa juu ya kaunta. "Hii ni dawa ya sukari ya mume wangu. Inataka baridi. Imekaa siku sita kwenye friji yako, ikaharibika, na mimi nikidhani friji mpya huchelewa kupoa nikawa namchoma nayo kila siku. Jana ameanguka bafuni."

Hakuwa ametia chumvi. Asubuhi hiyohiyo, kabla hajaja dukani, muuguzi wa kliniki alikuwa amekishika kichupa kimoja, akauliza kilikuwa kimehifadhiwa wapi, akatikisa kichwa. Aliwapa vichupa viwili vipya, akavizungushia taulo na kuviweka kwenye chupa kubwa ya chai yenye barafu, ambayo sasa Mama Mwiko alikuwa ameibana kwapani, akaonya kwamba barafu hiyo haitavuka kesho asubuhi. Zamani dawa walikuwa wakiihifadhi kwa jirani, lakini jirani alihama na friji yake. Ndipo Mama Mwiko akanunua ya kwake, akajiona amemaliza tatizo.

Mwenye duka aliivuta risiti kwa ncha za vidole. "Muhuri huu unasemaje? IMEJARIBIWA MBELE YA MTEJA, INAFANYA KAZI. Na hapa chini sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Basi umekubali mwenyewe. Friji imeharibikia kwako. Anayefuata!"

Anayefuata! Kama vile yeye alikuwa amekuja kuomba chenji. Siku ile ya kununua walimsukumia karatasi na kalamu, wakamwambia asaini hapa, naye akasaini akidhani anakiri kupokea mzigo. Nani husoma muhuri huku friji yake inapakiwa kwenye gari? Alivikusanya vichupa vyake akatoka, na miguu ikampeleka moja kwa moja kwenye ofisi ya kutetea wanunuzi, ghorofa ya pili, juu ya posta.

Afisa aliyemkuta alikuwa mwembamba, amezingirwa na mafaili hadi kifuani. Alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo kwa siku ile lilikuwa geni.

"Ule ubao si sheria, mama," alisema. "Ukinunua kitu kizima halafu ukabadili mawazo, hapo anaweza kukukatalia. Lakini kibovu ni kibovu. Friji isiyopoza unayo haki itengenezwe, ubadilishiwe, au urudishiwe fedha zako. Hata akipaka ukuta mzima rangi nyekundu."

"Sasa mbona ananijibu kama mbwa?"

"Kwa sababu wengi wanausoma ubao wanaondoka. Ila sahihi yako inatusumbua. Atasema mliijaribu pamoja. Nitamwandikia barua, naye ana siku saba za kujibu."

"Siku saba? Mwanangu, nina barafu ya mpaka kesho asubuhi!"

Afisa aliguna, akaigeuza risiti huku na huku. "Na mbona imeandikwa kwa mkono? Lile duka lina mashine ya risiti."

"Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Tulikuwa tunapapasa mle ndani, hata kalamu nilishikishwa..." Afisa akaacha kugeuza karatasi.

"Mama," afisa akasema polepole, "sasa hiyo friji waliijaribu kwa umeme gani?"

Mama Mwiko alisubiri barua ipigwe chapa na kutiwa sahihi, kisha akashuka ngazi kwa kasi ambayo magoti yake yalikuwa yameisahau.

Dukani palikuwa na foleni. Hakuipanga. Alisimama kando ya kaunta na kutoa ile sauti iliyozoea kunyamazisha watoto mia sita wenye njaa.

"Nauliza jambo moja tu. Risiti unaziandika kwa mkono wakati gani?"

"Umeme ukikatika," mwenye duka alijibu bila kufikiri. "Kwani vipi?"

"Basi hii hapa umeiandika kwa mkono. Halafu ukaigonga muhuri kwamba friji imejaribiwa na inafanya kazi. Uliichomeka wapi, bwana? Kwenye mfuko wa shati?"

Foleni ikaangua kicheko. Msusi mmoja aliyekuwa amekumbatia mashine yake ya kukaushia nywele akapekua mkoba, akatoa risiti yake. "Na yangu ni ya mkono," alisema. "Muhuri huohuo. Na hii mashine haijawahi kutoa hata pumzi." Kicheko kikakoma.

Mama Mwiko akaiweka barua ya afisa juu ya kaunta; mwenye duka akaisoma, akaisoma tena, na sauti ikalainika ghafla. "Mama yangu, haya yote ya nini? Mzee anaumwa, sisi ni binadamu. Nakubadilishia. Saini tu hapa kwamba umesaidiwa kwa hisani ya duka."

"Hisani?" Mama Mwiko akaisogeza kando ile karatasi. "Nimemtoboa mume wangu siku sita kwa mkono wangu huu, nampa dawa iliyokufa, halafu nikushukuru? Hisani ni kunipa nisichokudai! Andika friji ilikuwa mbovu. Na neno mbovu lisomeke."

Akaandika. Likasomeka.

Friji nyingine ikaletwa, ikachomekwa, taa ikawaka. Mwenye duka akanyoosha mkono kuchukua muhuri, lakini Mama Mwiko akaufunika kwa kiganja.

"Bado."

Aliomba kikombe cha maji, akakiweka ndani ya friji, akafunga mlango. Kisha akavuta kreti tupu ya soda, akaketi mbele yake, chupa ya barafu mapajani. Msusi akageuza kreti nyingine akaketi pembeni yake. Wateja wakawa wanawazunguka kupita, na kila aliyeuliza alielezwa kisa chote tangu mwanzo.

"Mama, kwani huna kazi?" mwenye duka aliuliza ilipotimia saa ya kwanza.

"Ninayo. Ndiyo hii."

Saa ya pili ilipotimia alifungua mlango, akatoa kikombe, akampelekea kaunta.

"Kunywa."

"Mimi?"

"Wewe. Mbele ya mteja."

Mwenye duka aliwatazama watu, watu wakamtazama. Akanywa.

"Yakoje?"

"Ya baridi," alisema, kwa sauti ambayo msusi ilibidi ainame kuisikia.

"Haya," alisema Mama Mwiko, akauondoa mkono juu ya muhuri. "Sasa gonga."